Usiuze mshumaa ambao hujauwasha: Jinsi ya kupima na kurekebisha mishumaa ya manukato

SOMO LA UJASIRIAMALI

Sabuni ya kutengeneza nyumbani ikiwa mbaya, mteja ataona haitoi povu na hatarudi tena kununua. Mshumaa ukiwa mbaya, unaweza kupasua glasi mezani, kushika pazia na kuteketeza nyumba, mteja akiwa amelala. Hiyo ndiyo tofauti kati ya biashara ya mishumaa na biashara nyingine nyingi za nyumbani: unachouza ni moto.

Biashara hii inavutia akina mama na vijana katika kaunti yetu ya Kilifi kwa sababu inaanza na mtaji mdogo. Jiko, sufuria mbili, mizani na nta vinatosha kuanzia. Soko nalo haliko mbali: hoteli na nyumba za wageni za Malindi na Watamu, maduka ya zawadi, harusi na sherehe. Lakini wengi huishia mahali pamoja. Mshumaa ukiganda ukawa laini na wenye harufu nzuri, wanadhani kazi imekwisha na kuupeleka sokoni. Ukweli ni kwamba hapo ndipo nusu ya pili ya kazi inapoanza.

Katika somo hili utajifunza mambo matatu: jinsi ya kufanya jaribio la kuwasha mshumaa tangu mwanzo hadi mwisho, jinsi ya kutambua chanzo cha kasoro unazoziona, na mambo ya usalama ambayo hayana njia ya mkato.

Mshumaa huwakaje?

Watu wengi huamini kwamba kinachoungua ni utambi. Sivyo. Utambi ni kama mrija tu. Joto la moto huyeyusha nta, utambi hufyonza nta hiyo na kuipandisha juu, nta hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Harufu nayo hutoka zaidi kwenye dimbwi la nta iliyoyeyuka kuuzunguka utambi, si kwenye moto wenyewe.

Ukielewa hivyo, karibu kila kasoro inajieleza. Utambi mdogo huleta nta kidogo: moto unadhoofika, dimbwi linakuwa finyu, na harufu haisikiki. Utambi mkubwa huleta nta kuliko inavyoweza kuungua vizuri: moto unarefuka, masizi yanatoka, na glasi inapata joto la hatari. Kwa hiyo kabla hujalaumu nta au mafuta ya manukato, angalia utambi kwanza.

Mfano wetu: oda ya glasi 40

Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama watano. Hoteli moja ya ufuoni imewaagiza glasi 40 za mshumaa wenye harufu ya asmini, na imewapa wiki nne. Wanatumia nta ya parafini. Glasi walizonunua zina upana wa sentimita 7 kwa ndani.

Mwenzao mmoja anapendekeza wamwage zote 40 siku hiyo hiyo ili wapumzike. Mwenye daftari anakataa. Anataka kwanza glasi tatu za majaribio. Tuwafuate tuone nani alikuwa sahihi.

Vifaa vya kupimia

Huhitaji maabara. Unahitaji:

• Mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Usipime mafuta ya manukato kwa kijiko wala kwa kifuniko cha chupa.
• Kipimajoto cha jikoni kinachofika angalau nyuzi 100 za Selsiasi. Kile cha kupimia homa hakifai, kwani hakikutengenezwa kwa joto la aina hii.
• Rula, saa na mkasi.
• Daftari na kalamu. Hivi ndivyo vifaa muhimu kuliko vyote.

Kutengeneza sampuli

Kanuni kuu ya jaribio lolote ni hii: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha utambi, harufu na glasi kwa pamoja, mshumaa ukiharibika hutajua kilichouharibu, na ukifaulu hutajua kilichoufaulisha.

Kikundi chetu kinatengeneza glasi tatu zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa unene wa utambi. Glasi ya kwanza inapata utambi mdogo, ya pili wa kati, ya tatu mkubwa. Tambi zote ni za pamba, za aina moja, kutoka kwa muuzaji mmoja. Uzi wa nailoni haufai kabisa, kwa kuwa huyeyuka badala ya kufyonza nta.

Sasa hesabu ya manukato. Mafuta ya manukato hupimwa kwa asilimia ya uzito wa nta. Kikundi kimeamua asilimia 6. Kila glasi inachukua gramu 170 za nta, kwa hiyo:

170 × 6 ÷ 100 = gramu 10.2 za manukato, yaani takribani gramu 10.

Uzito wote kwa kila glasi ni gramu 180. Asilimia 6 ni mahali pazuri pa kuanzia. Usizidishe kiwango ambacho muuzaji wa nta ameandika, kwa kuwa nta ina kikomo chake cha kubeba mafuta, kama vile sifongo ina kikomo cha kubeba maji.

Nta inayeyushwa kwa sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, kamwe si juu ya moto moja kwa moja. Parafini ikifika takribani nyuzi 80 hadi 85, iondoe motoni, tia mafuta ya manukato na ukoroge taratibu kwa dakika mbili kamili. Dakika hizo mbili zina maana: mafuta yasipochanganyika vizuri yatazama chini, na mteja atasikia harufu siku za mwisho tu. Imimine nta ikishuka hadi nyuzi 70 au 75. Vipimo hivi hutofautiana kwa aina ya nta, kwa hiyo fuata maelekezo ya muuzaji wako yakitofautiana na haya. Nta ya soya, kwa mfano, mara nyingi humiminwa ikiwa imepoa zaidi.

Andika namba 1, 2 na 3 chini ya glasi. Zifunike kisha uziache zikae. Parafini ikae siku tatu hadi tano. Soya inahitaji wiki moja hadi mbili. Ukiwasha mapema unaweza kudhani manukato ni hafifu, kumbe hayajakaa vizuri ndani ya nta.

Jaribio la kuwasha, hatua kwa hatua

1. Weka glasi juu ya kigae au sinia ya bati, mahali pasipo na upepo. Zima feni. Ziachanishe glasi kwa sentimita 15 au zaidi ili zisipashane joto.

2. Pima uzito wa kila glasi na uuandike.

3. Kata utambi ubaki milimita 5 au 6 juu ya nta.

4. Washa, andika saa, na usiondoke. Jaribio bila mtu wa kuangalia si jaribio, ni kubahatisha.

5. Kila baada ya dakika 30, andika: mwali una urefu gani? Umetulia au unarukaruka? Kuna masizi? Dimbwi lina upana wa sentimita ngapi? Harufu inasikika mlangoni?

6. Baada ya muda wa saa 4, angalia joto la glasi kwa nje, kisha zima.

7. Iache ipoe kabisa. Ipime uzito tena. Kata utambi. Kesho rudia.

8. Endelea hivyo hadi nta ibaki sentimita moja tu chini. Hapo jaribio limekwisha.

Mwali mzuri hutulia na huwa na urefu wa sentimita 2 hadi 4 hivi. Ukirefuka hadi kufika sentimita 7, zima mara moja. Utambi huo haufai.

Kuhusu dimbwi, kanuni ya mafundi ni kwamba nta iyeyuke kwa upana wa takribani sentimita 2.5 kwa kila saa moja. Glasi ya sentimita 7 basi itahitaji karibu muda wa saa 3 kuyeyuka hadi ukingoni. Kina cha dimbwi kiwe kati ya nusu sentimita na sentimita moja na kidogo. Kikizidi hapo, glasi iko njiani kupata joto kupita kiasi.

Kuhusu joto la glasi, watengenezaji wengi waangalifu hawapendi lipite nyuzi 60 kwa nje. Kwa asiye na kipimajoto cha kufaa, iguse kwa ncha ya kidole haraka haraka: ikikulazimisha kutoa kidole papo hapo, imepita kiasi.

Daftari linasema nini?

Turudi kwa kikundi chetu. Siku ya kwanza, baada ya muda wa saa 4, daftari lilisomeka hivi:

Glasi 1, utambi mdogo: mwali sentimita 2, umetulia. Dimbwi sentimita 6. Nta imebaki pembeni, nusu sentimita kila upande. Uzito umepungua gramu 20.

Glasi 2, utambi wa kati: mwali sentimita 3. Dimbwi limefika ukingoni. Glasi ni ya vuguvugu. Uzito umepungua gramu 24. Inapendeza.

Glasi 3, utambi mkubwa: mwali sentimita 5, unarukaruka. Masizi mdomoni mwa glasi. Glasi ina joto kali. Uzito umepungua gramu 32.

Glasi ya tatu ilikataliwa siku hiyo hiyo. Kwa mbili zilizobaki, karibu kila mmoja alichagua ya pili, na wakataka kuanza kumimina. Mwenye daftari akasema: tumalize kwanza.

Siku ya tatu, glasi ya kwanza ilianza kuyeyuka hadi ukingoni, na nta iliyokuwa imebaki pembeni ikaanza kushuka. Siku ya tano, glasi ya pili, ile nzuri, ilikuwa na nta ya chini ya sentimita mbili na nusu. Mwali wake ulikuwa umerefuka, mdomo wa glasi umeingia weusi, na hakuna aliyeweza kuishika.

Kwa nini? Mshumaa unapokuwa mpya, moto uko karibu na mdomo wa glasi na joto jingi linapotea hewani. Kadiri nta inavyopungua, moto unashuka ndani ya glasi. Kuta zinalizuia joto lisitoke, na nta ya kulipokea joto hilo imekuwa kidogo. Kwa hiyo mshumaa ulio sawasawa siku ya kwanza huenda ukawa wa moto mno siku ya mwisho, na ule unaoonekana dhaifu siku ya kwanza huenda ndio utakaomaliza salama. Glasi ya kwanza iliendelea hadi muda wa saa 28, ikaisha bila masizi.

Hili ndilo jambo ambalo halionekani kwa macho wala kwa pua dukani. Lingeonekana chumbani kwa mgeni wa hoteli, siku ya tano, usiku. Glasi 40 zingekuwa zimetengenezwa zote kwa utambi wa kati.

Jaribio hilo lilikipa kikundi faida nyingine. Glasi ya kwanza ilikuwa ikipunguza takribani gramu 5 kwa saa. Kati ya gramu 180, zile gramu 35 hivi za sentimita ya mwisho haziwashwi. Zinabaki 145. Gawanya kwa 5 upate muda wa saa 29. Sasa wanaweza kumwambia mteja mshumaa unawaka kwa takribani saa 28, na wana daftari la kuthibitisha.

Kasoro za kawaida na tiba zake

*Shimo katikati, nta imebaki pembeni hadi mwisho.* Utambi ni mdogo, au mteja anazima mapema mno kila mara. Panda utambi kwa saizi moja. Usiruke saizi mbili. Pia mweleze mteja kwamba siku ya kwanza awashe hadi nta iyeyuke karibu na ukingo.

*Masizi na mwali unaorukaruka.* Angalia upepo na feni kwanza. Kisha urefu wa utambi: je, ulikatwa? Kama vyote viko sawa, shuka utambi kwa saizi moja.

*Utambi unafanya kichwa cheusi kama uyoga.* Nta inafika juu kuliko inavyoungua. Utambi ni mkubwa, au manukato yamezidi. Kichwa kidogo baada ya muda wa saa 4 si jambo la kutisha, kikatwe tu kabla ya kuwasha tena. Kikija ndani ya saa ya kwanza, badilisha utambi.

*Moto unafifia na kujizima.* Utambi ni mdogo au umeziba. Rangi isiyo ya mishumaa, kama ile ya maji au ya kupakia ukuta, huziba utambi. Nta ya nyuki nayo ni nzito na huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, hivyo inahitaji utambi mkubwa kuliko parafini ya kawaida.

*Mshumaa hauna harufu ukiwaka.* Hapa wengi hukimbilia kuongeza manukato, na hupoteza pesa. Jiulize kwa mpangilio huu: Uliuacha ukae siku za kutosha? Ulikoroga dakika mbili? Dimbwi linafika karibu na ukingo? Chumba ni kikubwa mno kwa glasi moja? Mafuta ni ya mishumaa? Ukijibu yote vizuri, ndipo uongeze asilimia moja na ujaribu upya. Kumbuka pia pua yako huzoea harufu baada ya kukaa nayo. Mwite jirani aingie chumbani akuambie.

*Mafuta yanatoka jasho juu ya nta.* Manukato yamezidi uwezo wa nta, au mshumaa umekaa kwenye joto. Punguza asilimia. Usiuze mshumaa unaotoka jasho: mafuta hayo yaliyojikusanya juu yanaweza kushika moto kwa ghafla.

*Bonde au shimo karibu na utambi baada ya kuganda.* Parafini husinyaa inapopoa. Ikianza kuganda, itoboe kidogo kwa kijiti karibu na utambi ili hewa itoke, kisha mimina nta kidogo juu yake. Usiharakishe kupoza kwa friji au maji.

*Madoa kwenye kuta za glasi, au ukungu mweupe juu ya soya.* Hii ni kasoro ya sura tu. Glasi ikiwa safi, kavu na yenye joto kidogo wakati wa kumimina, madoa hupungua. Ukungu kwenye soya ni tabia ya nta hiyo na haudhuru.

Mambo ya kwetu Pwani

*Kifuu cha nazi.* Kinapendeza machoni na wageni wanakipenda. Lakini sote tunajua kifuu hutumika kama kuni na kutengenezea makaa. Kukitia moto ndani ni kujitafutia balaa, na chini yake ni mviringo, hivyo hupinduka. Ukitaka sura ya kifuu, weka ndani yake kikopo cha bati chenye mshumaa, tengeneza kitako cha kukisimamisha, kisha ukijaribu hadi mwisho kama glasi nyingine.

*Marashi na pafyumu.* Marashi tunayonyunyiza harusini yana maji, na maji hayachanganyiki na nta. Yakikutana na nta ya moto hurusha matone yanayounguza. Pafyumu ya kujipulizia ina alkoholi inayoshika moto kwa urahisi. Mafuta ya nazi yaliyotiwa asmini kwa ajili ya nywele nayo hayatatoa harufu ya maana, yatalainisha mshumaa tu. Nunua mafuta yaliyotengenezwa kwa mishumaa.

*Maua makavu, karafuu na vijiti vya mdalasini.* Vikipangwa juu ya nta vinapendeza kwenye picha. Nta ikiyeyuka vinaelea, vinafika kwenye mwali na kuwaka kama tambi za ziada. Vifunge nje ya kifurushi kwa utepe, visiwe ndani ya mshumaa.

*Joto letu.* Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25, yaani kwetu ni maji kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mshumaa wenye mafuta mengi ya nazi hautasimama. Ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata nta laini ya soya inaweza kulegea. Kabla ya kukubali oda ya mbali, acha glasi moja mahali penye joto la mchana kwa siku nzima uone itakavyokuwa. Wafugaji wa nyuki wa maeneo ya Arabuko-Sokoke na mikoko ya Mida wana nta ya nyuki ambayo ni ngumu zaidi, na kuchanganya kiasi chake huongeza uimara. Lakini mchanganyiko mpya ni mshumaa mpya: anza majaribio upya.

*Makuti na chandarua.* Umeme ukipotea, mteja wako atauwasha mshumaa wa manukato ili aone, na huenda akauweka karibu na kitanda. Moto na chandarua havikai pamoja. Na kama unatengeneza mishumaa ya mchaichai ya kufukuza mbu, usimwambie mteja kwamba inachukua nafasi ya chandarua katika kujikinga na malaria. Haichukui.

Usalama jikoni

Usiache nta motoni ukaenda kupokea simu. Ikianza kutoa moshi, imepita kiasi. Izime na uiache ipoe.

Nta ikishika moto, zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko wa bati na usiisogeze. Usimwage maji kamwe. Maji huzama chini ya nta ya moto, hugeuka mvuke mara moja na kurusha nta inayowaka hadi darini. Weka mfuniko unaotosha sufuria karibu nawe kabla hujaanza. Moto ukikushinda, toa watu nje na upige simu 999 au 112.

Mtu akiungua kwa nta, poza sehemu hiyo kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha umpeleke kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Nta iliyoganda kwenye ngozi usiibandue kwa nguvu.

Watoto wasiingie jikoni wakati wa kazi, na usimwage nta kwenye sinki, itaganda na kuziba bomba.

Lebo na sheria

Lebo ni sehemu ya usalama wa mshumaa. Iandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, iwe na haya:

• Jina la bidhaa, mtengenezaji na mawasiliano
• Uzito halisi wa nta
• Namba ya mkupuo, ili kukiwa na kasoro ujue ni glasi zipi za kurudisha
• Usiuache ukiwaka bila mtu
• Weka mbali na watoto, wanyama na vitu vinavyoshika moto, angalau sentimita 30
• Kata utambi ubaki milimita 5 kila kabla ya kuwasha
• Usiuwashe zaidi ya muda wa saa 4 mfululizo
• Acha kuutumia nta ikibaki sentimita moja

Bidhaa zinazotengenezwa nchini na kuuzwa kwa umma zinapaswa kuwa na alama ya ubora ya Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS. Anza mazungumzo nao mapema, kabla hujapata oda kubwa. Taasisi ya Utafiti na Maendeleo ya Viwanda, KIRDI, nayo husaidia wajasiriamali kuboresha bidhaa. Kwa leseni ya biashara, fika katika ofisi ya biashara ya kaunti iliyo karibu nawe.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kukuza biashara na pia jukumu la huduma za zimamoto. Mshumaa wa nyumbani unagusa yote mawili. Tungependa biashara yako ikue, na tungependa gari la zimamoto libaki limeegeshwa.

Kikundi chetu kiliishia wapi?

Kutengeneza sampuli na kuziacha zikae kulichukua siku sita. Kuwasha kulichukua siku saba. Wakabakiwa na wiki mbili: wakamimina glasi 40 kwa utambi mdogo kwa siku mbili, zikakaa siku tano, wakachukua glasi moja kutoka kila mkupuo wakaiwasha kuhakikisha, wakabandika lebo. Oda ilifika kwa wakati. Walichopoteza ni nta ya glasi tatu na subira kidogo.

Pima kwanza, mimina baadaye. Haraka haraka haina baraka, na kwa anayeuza moto, methali hiyo ina uzito wake.

ZOEZI LA NYUMBANI

Chukua mshumaa mmoja kati ya ile unayouza sasa. Upime uzito, uwashe kwa muda wa saa 4, uupime tena, na ujaze yafuatayo kila siku hadi uishe:

Tarehe ____ Aina ya nta ____ Saizi ya utambi ____ Asilimia ya manukato ____
Uzito kabla ____ Uzito baada ____ Tofauti ____
Urefu wa mwali ____ Upana wa dimbwi ____ Kina cha dimbwi ____
Masizi (ndiyo/la) ____ Joto la glasi ____ Harufu (nzuri/hafifu/hakuna) ____
Nitabadilisha nini safari ijayo? (kitu kimoja tu) ____

Kata ukurasa huu uubandike jikoni, na umpe jirani yako nakala.